Irabu Ishirini kwa Mwenye Irabu Tano: Mwongozo wa Kuzoeza Sikio na Ulimi kwa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, nilimwambia mama mmoja Mwingereza kwamba nitamletea "paper" aniandikie anuani yake, naye akanijibu kwa adabu kwamba ahsante, pilipili manga ameshanunua pakiti mbili na zinamtosha. Katika kundi lile alikuwemo bwana mmoja Mhispania, ambaye bila ya kuulizwa alichana ukurasa wa daftari lake akanipa. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza ilikuwaje mwenye lugha yake asinielewe, na aliyejifunza ukubwani kama mimi akanielewa papo hapo. Jawabu ni kwamba mimi na bwana yule tunaishi nyumba moja. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o na u, kama Kiswahili, na sote wawili tulikuwa tukiyatamka "paper" na "pepper" kwa e ile ile.

Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni kwa kawaida huhesabiwa kuwa na irabu 20, yaani 12 zilizotulia mahali pamoja na 8 zinazotembea kutoka sauti moja kwenda nyingine ndani ya silabi moja. Mwenye vyumba vitano akifikiwa na wageni ishirini hana budi kuwalaza wanne wanne, na ndivyo masikio yetu yanavyofanya kila yanaposikiliza lugha hii. Kwa hiyo mazoezi ya irabu yaliyotungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kihispania, ambayo ni mengi, yanatufaa karibu yote, isipokuwa kwamba zipo sehemu mbili tatu ambazo sisi tumeanza mbele yao. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayezungumza na wageni kazini, awe hotelini Nungwi, dukani Darajani au mbele ya darasa la skuli huko Chake Chake. Vifaa vinavyohitajika ni simu yenye uwezo wa kurekodi, kioo kidogo na mwenzako mmoja mwenye subira.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali sikio lako linapochanganya

Kabla ya kufungua mdomo, andika orodha ya maneno tuliyoyachukua kutoka Kiingereza, kwa sababu maneno hayo yanaonyesha wazi jinsi sikio la Mswahili lilivyozigawa sauti za wenyewe. "Tank" tumelifanya tangi na "fan" tumelifanya feni, ingawa kwa Mwingereza irabu ya maneno hayo mawili ni moja. Sauti yake inakaa baina ya a yetu na e yetu, ndiyo maana mara tumeisukumia huku na mara kule. "Shirt" limekuwa shati, lakini "skirt" limekuwa sketi, "nurse" nesi na "jersey" jezi, na hizo nazo kwao ni irabu moja. Kwa upande mwingine, "bus" ni basi na "bath" ni bafu, na hapo a yetu moja imebeba irabu zao mbili. Orodha ikifika maneno thelathini utaona kuwa matatizo hayakutawanyika ovyo: yamejikusanya baina ya a na e, yamejikusanya kwenye i, machache yako kwenye o na u, na ipo sauti moja ya katikati ambayo sisi hatuna kabisa.

Katika kazi hii usiiamini tahajia hata kidogo. "Food", "good" na "blood" yameandikwa kwa herufi zile zile mbili na kila moja lina irabu yake. Sababu ni ya kihistoria: baina ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake, ilhali uchapaji, ambao William Caxton aliuingiza Uingereza mwaka 1476, ulikuwa umeshaanza kuzigandisha herufi zikae kama zilivyokuwa. Sisi tumezoea kuandika tunachosema na kusema kilichoandikwa, na mazoea hayo mazuri ndiyo yanayotuponza hapa. Neno jipya la Kiingereza ulisikie kwanza, ndipo ulisome.

Hatua ya pili: zoeza sikio kabla ya ulimi

Watu wa Unguja na Pemba ni wepesi wa kuwacheka wanaosema "zahabu" na "selasini", na kwa kuwa lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tumejizoesha kuwasahihisha wengine. Lakini anayesema "zahabu" mara nyingi hasikii kosa lake. Kwake dh na z ni sauti moja. Sisi tuko hivyo hivyo mbele ya "live" na "leave", na ulimi hauwezi kutofautisha kitu ambacho sikio limekiona ni kimoja. Nimewaona vijana wakikaza mashavu mbele ya kioo mwezi mzima bila ya faida kwa sababu waliiruka hatua hii.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Tafuta kamusi ya mtandaoni yenye kitufe cha sauti, uchague jozi moja tu ya maneno, kwa mfano "live" na "leave", na umpe mwenzako simu. Yeye acheze maneno hayo mara kumi kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, nawe umempa mgongo, ukinyoosha kidole kimoja kwa neno la kwanza na viwili kwa la pili. Ukipata tano katika kumi, ujue hujasikia kitu, umebahatisha. Endelea siku hadi siku mpaka upate tisa kwa siku mbili mfululizo, na usianze jozi ya pili kabla ya hapo.

Baada ya kamusi, tafuta sauti za watu mbalimbali, wanaume na wanawake, vijana na wazee, katika redio na mahojiano. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na Wajapani waliokuwa wakishindwa kutofautisha r na l za Kiingereza. Waliwasikilizisha jozi za maneno kwa sauti za wasemaji kadhaa, wakiambiwa kila mara kama wamepata au wamekosa, na masikio yao yakaongezeka ukali. Msikilizaji wa sauti moja hujifunza sauti ya mtu yule, ambapo wageni wanaoshuka kwetu katika bandari ya Malindi, Unguja, kila mmoja ana koo lake.

Chagua pia Kiingereza kimoja cha kufuata, cha Uingereza au cha Marekani, kwa sababu irabu zao haziko sawa. Neno "hot", kwa mfano, Mwingereza hulitamka kwa midomo iliyoviringika kidogo na Mmarekani hulitamka kwa kinywa kilicho wazi. Maelezo yanayofuata yanafuata cha Uingereza, ambacho ndicho tulichofundishwa skuli.

Hatua ya tatu: weka ulimi mahali pake

Anza na "leave" na "live", maana mtembeza wageni huyatumia kila siku, na anayetaka kumuuliza mgeni anaishi wapi huishia kumuuliza anaacha wapi. "Leave" ni jepesi: shika ii ya "hii", midomo ikiwa imevutika kama ya mtu anayetabasamu. Kwa "live", sema i ya "kiti" uishikilie, kisha uache ulimi ushuke taratibu kuelekea e ya "pete", na usimame nusu ya njia. Tabasamu liondoke, mashavu yalegee, na sauti iwe fupi kama uliyekatishwa. Fanya mteremko huo mara tano kwa sauti inayotiririka kabla ya kulisema neno zima. Mfanyakazi wa hoteli anayemwambia mgeni kwamba analeta "sheet" safi, au anayemwelekeza njia ya "beach", awe mwangalifu zaidi ya wengine, kwa sababu irabu ya maneno hayo mawili ikifupishwa na kulegezwa huzaa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Katika urefu wa irabu sisi tumemzidi Mhispania. Lugha yake haitofautishi maneno kwa irabu fupi na ndefu, lakini sisi tangu utotoni tunajua kwamba kufa si kufaa na kukata si kukataa, na aliyesoma chuo cha Kurani amehesabu kwa vidole harakati za madi, yaani vipimo vya kuvuta irabu. Faida hiyo ina mtego ndani yake. Mswahili akiambiwa kwamba "sheep" ni refu na "ship" ni fupi, hutamka i ile ile mara mbili, moja ameivuta na moja ameikata, akaona kazi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu Kiingereza kina desturi ya kuzifupisha irabu zake zinapofuatwa na p, t, k, f au s mwishoni mwa silabi, hata irabu ya "seat" ikawa fupi kuliko ya "seed" ingawa ni irabu moja. Atakayepima kwa urefu peke yake atapotea. Kinachotenganisha "ship" na "sheep" ni mahali ulimi ulipo, na urefu ni nyongeza.

Sehemu ngumu kuliko zote, na ambayo nakushauri uipe muda mara tatu ya nyingine, ni chumba cha a. Andika maneno manne kwa mstari mmoja: "hat", "hut", "heart", "hurt". Wengi wetu tukiyasoma mbio hutoka "hati" nne zinazofanana. Kwa "hat", shika e ya "pete", kisha ushushe taya bila ya kuurudisha ulimi nyuma, mpaka ncha ya kidole cha mwisho ipite baina ya meno. Ncha ya ulimi ibaki imegusa nyuma ya meno ya chini. Utaona aibu kidogo, kwani sauti hiyo kwetu inafanana na ya mbuzi, na ukiona aibu ujue uko karibu. Kwa "hut", tumia a ya "baba" lakini iwe fupi, na kinywa kifunguke nusu tu. Kwa "heart", fungua kama unayemwonyesha daktari koo, ulimi urudi nyuma, sauti iwe ndefu, na r isisikike.

Aliyesoma chuoni ana hazina hapa. Alif inayofuata kaf katika "kaana" husomwa nyepesi, ulimi ukiwa mbele, na alif inayofuata qaf katika "qaala" husomwa nzito, ulimi ukirudi nyuma. Mwalimu aliyekukazania tofauti hiyo ya tarqiq na tafkhim alikuwa, bila ya kukusudia, amekwisha kukufundisha jirani wa irabu ya "hat" na jirani wa irabu ya "heart". Nasema jirani kwa sababu si sauti zile zile, wala simshauri mtu afanyie zoezi la Kiingereza katika aya za Kurani. Kinachotakiwa ni kukumbuka tu ulimi ulikuwa wapi.

Imebaki "hurt", ambayo ndiyo ile irabu ya shati, sketi na nesi. Usiitafute katika a wala katika e. Mswahili akisita katikati ya maneno husema "aaa" au "eee", na Mwingereza naye ana sauti yake ya kusitia. Msikilize mtu wao anayehojiwa redioni akitafuta la kusema, na sauti hiyo ndefu isiyo na rangi ndiyo irabu ya "hurt", "work" na "bird". Midomo haifanyi kitu, taya limeinuka karibu na kufungika, ulimi umelala katikati ya kinywa. Ukishaipata, itie mbele ya "walk", ambayo midomo yake huviringika kwa o ndefu, na useme "walk, work, walk, work" mpaka kioo kikuonyeshe midomo inatoka na kurudi. Mtembeza wageni anayewaambia watu "let us work" wakati jua limepanda hatapendwa.

Jozi ya "full" na "fool" haihitaji maneno mengi. "Fool" ni u yetu ndefu, kama ya "kuu". "Full" hupatikana kwa kulegeza midomo na kuushusha ulimi kidogo, kama ulivyofanya kwa "live".

Katika jozi zote hizi chunga mwisho wa neno. Mhispania hutia irabu mbele, akasema "eschool", nasi huitia nyuma, ndiyo "school" ikawa skuli. Ukimaliza "hat", ziba pumzi kwenye t na unyamaze, maana "hati" ina silabi mbili na msikilizaji ataanza kutafuta neno jingine.

Hatua ya nne: irabu zinazotembea

Hapa ndipo "paper" yangu ilipopotelea. E ya "keki" imetulia, lakini irabu ya "cake" huanza kwenye e na kuishia karibu na i, na asiyeitembeza huambiwa amesema neno jingine: "late" husikika "let", "paper" husikika "pepper". Dawa tunayo nyumbani. Sema neno "bei" polepole, be-i, silabi mbili. Kisha harakisha mpaka silabi mbili ziwe moja, e ikiwa na nguvu na i ikififia. Hiyo ndiyo "bay" ya Kiingereza, na ukiondoa b ukatia maneno mengine unapata "cake", "late" na "paper". "Chai" itakupa irabu ya "time", na "hao" ikiharakishwa itakupa karibu kabisa na "how".

Irabu ya "boat" haina mfano kwetu. Anza na sauti ya kusita ya "hurt", uifupishe, kisha uiviringe midomo kuelekea u. Ifanyie kazi kwa neno "cloves", kwa sababu hakuna atakayekutembelea shambani asiulize habari za karafuu, na tofauti yake na "gloves" ni zaidi ya herufi ya mwanzo: "gloves" ina irabu ya "hut".

Hatua ya tano: mkazo na irabu inayofifia

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, maneno machache sana yakivunja kanuni hiyo, na kila irabu hutamkwa kwa ukamilifu wake. Kiingereza huchagua silabi moja, kikaipa nguvu, na nyingi katika zilizobaki kikazinyang'anya rangi zikawa kivuli cha ile sauti ya "hurt", fupi na hafifu. Mhispania anasumbuka na jambo hilo kama sisi, ingawa yeye amezoea mkazo unaohama, na sisi hatukuzoea.

Majina ya viungo ni darasa tosha. "Pepper", "ginger", "nutmeg" na "vanilla" yametuangukia vizuri, kwa kuwa mkazo wake uko pale pale tunapoutaka. Balaa liko kwenye mdalasini, hiliki na manjano: sisi husema "cinnamon" kwa kukaza "na", "cardamom" kwa kukaza "da" na "turmeric" kwa kukaza "me", ilhali maneno yote matatu hukazwa silabi ya kwanza. Piga kofi moja kwenye silabi hiyo, kama mpiga dufu anayelifanya pigo moja liwe zito, na zilizobaki zipite chini ya pumzi. Katika "cinnamon" irabu iliyo hai ni ya kwanza tu. A na o zilizoandikwa hazisikiki kama a wala o. "Turmeric" inaanza na sauti ya "hurt" yenyewe, kwa hiyo aliyeikimbia hatua ya tatu ataumbuka hapa.

Neno la kumalizia hatua hii ni jina la kwetu. Sisi husema Zanzibar kwa a mbili zinazofanana. Wao hukaza mwanzo, na irabu tatu za neno hilo ni ya "hat", ya "live", kisha ya "heart". Anayeweza kulisema kwa namna zao na kurudi kwa namna yetu bila ya kujikwaa ameshamiliki sehemu kubwa ya mwongozo huu. Nyumbani aliseme kwa Kiswahili.

Hatua ya sita: peleka zoezi kazini

Dakika 15 kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa mbili za Ijumaa peke yake. Jozi moja ikae wiki nzima. Siku ya kwanza jirekodi ukieleza dakika moja ya maneno unayowaambia wageni kila siku, uihifadhi rekodi hiyo bila ya kuifuta, na kila baada ya wiki mbili urekodi maneno yale yale. Usijihukumu papo hapo. Isikilize kesho yake, wakati umeshasahau ulichokusudia kusema, ndipo utakaposikia ulichosema.

Lengo lisiwe kugeuka Mwingereza. Wageni wengi wanaotua kwetu wanatoka Italia, Ufaransa na Ujerumani, na wao pia wanakisema Kiingereza kwa ndimi za kwao. Mnachohitaji wote ni kwamba "live" isikike "live". Kwa hiyo sikazani na irabu ya "hot" iliyopinda kidogo, lakini sivumilii "work" iliyogeuka "walk".

Na mgeni akikuuliza "sorry?", usilirudie neno kwa sauti kubwa zaidi, kama tufanyavyo wengi, kwani irabu iliyokosewa ikipigiwa kelele hubaki imekosewa. Ibadilishe: kama uliitamka fupi ilegeze au ivute, kama ilitulia itembeze, na uangalie uso wake. Neno lililoleta "sorry?" mimi huliandika nyuma ya daftari la ratiba nikiwa kwenye daladala kurudi mjini, na usiku huwa ndilo la kwanza kumsomea mwenzangu aliyenipa mgongo, akinyoosha kidole kimoja au viwili.